Niliichoma ampu ya mjomba, ikabidi nijifunze kuifufua

Kama umewahi kunusa bodi ya umeme ikiungua, unajua hiyo harufu haitoki puani wiki nzima. Si ya plastiki ya kawaida wala ya mpira. Inakwaruza koo, kama mtu aliyechoma nywele na gundi kwenye kikaango kimoja.

Mimi niliinusa Jogoo Road, Ijumaa jioni, foleni imekaza kuanzia City Stadium. Tulikuwa wanne ndani ya Corolla yangu ya 1992, vioo viko chini, ngoma imepanda. Besi ikaanza kukatakata. Halafu ikanyamaza kabisa. Beshte yangu aliyekuwa kiti cha nyuma akasema kwa sauti ya chini, kama anayeona haya, "Buda, kuna moshi huku."

Nikazima redio. Moshi ukaendelea. Nikazima gari, nikachomoa ufunguo. Moshi bado unatoka kwa buti, na sasa ulikuwa mzito na wa manjano. Nilisimama kando ya barabara nimeshika ufunguo mkononi, nikijiuliza umeme unatoka wapi na gari limezimwa. Makanga wa matatu iliyokuwa kando yetu ndiye aliyepiga kelele: "Toa waya ya betri! Toa waya ya betri wewe!" Nikafungua boneti. Spana namba kumi ilikuwa kwa droo, Mungu saidia. Niliichomoa ile terminali na mikono inatetemeka, na baada ya dakika mbili moshi ukaisha.

Gari lilipona. Zulia la buti lilitoboka. Lakini ndani ya lile bati jeusi lenye mapezi ya alumini, kitu kilikuwa kimekufa, na hakikuwa changu. Kilikuwa cha mjomba.

Mjomba aliendesha matatu ya 58, Buruburu, miaka ya tisini. Kwa wale waliozaliwa juzi, zile ndizo enzi ambazo abiria aliacha gari tupu lipite akangoja lile lenye muziki. Ampu hii aliinunua mtumba, tayari ina miaka kadhaa, kutoka kwa jamaa aliyekuwa akileta vitu vya magari. Ni ya Marekani, ya mwishoni mwa miaka ya themanini. Maandishi ya juu yamefutika kwa kusuguliwa, hata jina huwezi kulisoma. Mwaka 2004 zilipokuja zile sheria za Waziri John Michuki, za mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, mjomba alitumia pesa zote kuliweka gari sawa, na muziki ukatolewa. Gari lenyewe aliliuza baadaye. Ampu hakuiuza. Ililala kwa gunia chini ya kitanda kule Murang'a hadi mwaka jana aliponipa.

Aliniambia maneno mawili tu. La kwanza, kwamba hiyo mashini haijawahi kuharibika hata siku moja. La pili, kwamba nisiilazimishe. Na kwamba Desemba akija Nairobi ataisikiliza. Hayo ni matatu, najua.

Mimi niliilazimisha. Nilikuwa na spika mbili kubwa za besi, kila moja omu 4. Nikazifunga pamoja sambamba, zikawa omu 2, nikaziweka kwenye ampu iliyounganishwa daraja, yaani pande zake mbili zinasukuma mzigo mmoja. Ampu ya aina hiyo ikiwa daraja inataka omu 4, isishuke hapo. Ilipiga vizuri ajabu. Pia ilikata fyuzi. Nikaweka nyingine, ikakata tena. Mara ya tatu sikuwa na fyuzi, na sikuwa na subira. Nilichukua kipande cha waya nikakizungusha pale fyuzi inapokaa.

Najua. Usiniangalie hivyo.

Jumatatu niliipeleka kwa duka moja mjini linalouza ampu mpya zenye taa za buluu. Kijana wa pale aliinusa kabla sijaifungua begi akacheka. Akasema hiyo ni ya kutupa, ninunue mpya ya wati elfu tatu kwa shilingi elfu saba. Nilitaka kumwamini. Lakini hebu tupige hesabu kidogo, kwa sababu hii hesabu itakusaidia siku ukienda kununua. Gari likiwa linanguruma hutoa takriban volti 14. Wati 3,000 gawa kwa 14 ni zaidi ya ampea 200, na hiyo ni kama hakuna hata wati moja inayopotea kama joto. Oltaneta ya Corolla ya zamani haifiki hata nusu ya hapo. Ukiigeuza hiyo ampu ya taa za buluu ukute ina fyuzi moja ya ampea 30, basi ampea 30 mara volti 14 ni wati 420. Hizo 3,000 ziko kwa karatasi ya sanduku tu.

Za zamani zilikuwa na ugonjwa wa kinyume. Kule Arizona, ambako Jim Fosgate alianzisha kampuni yake ya ampu za magari mwaka 1973, kulizuka shule nzima ya mafundi waliotengeneza mashini zinazotoa kuliko zinavyotangaza. Kuna moja inayosifiwa hadi leo na wanaokusanya vitu hivi, Orion 225 HCCA. Kwa maandishi ilikuwa ya wati 25 kila upande. Mashindano ya sauti za magari yalipanga washindani kulingana na wati zilizoandikwa, kwa hivyo mtu angeingia na hiyo kwenye kundi la wadogo, akashusha omu za spika, na ikamwaga nguvu mara nyingi ya ilivyoandikwa. Waliziita ampu za kudanganya. Sisi tunadanganywa upande wa pili.

Basi nikapanda Luthuli.

Ukitaka kuijua Luthuli Avenue usitazame maduka ya chini yenye spika zimepangwa hadi mlangoni. Panda ngazi. Huko juu kuna vibanda upana wa kitanda, kila kimoja na meza, taa, na mtu ameinama. Niliyemwendea ni msichana wa rika langu. Mwenye duka la waya chini ndiye aliyenielekeza: "Uliza fundi wa ampu, utaonyeshwa." Hakuuliza imefanya nini. Alichukua bisibisi, akatoa skrubu za chini, akainua bati, na ile harufu ikatujia sote wawili.

Kwenye kona ambapo waya mnene wa betri huingia, bodi ilikuwa imegeuka makaa. Shimo jeusi upana wa sarafu ya shilingi kumi, kingo zake zikimeta kama lami. Njia ya shaba iliyopita hapo ilikuwa imeyeyuka ikajikunja. Niliona kama mwisho wa mambo. Yeye alionekana kama mtu aliyepewa fumbo zuri la gazeti.

"Uliweka fyuzi gani?" akauliza.

Nikamwambia thelathini.

Alitoa kile kipande cha waya wangu na koleo, akakiweka mezani mbele yangu, hakusema kitu.

Jambo la kwanza nililojifunza pale ni kwamba mimi nilidhani najua ni nini kiliungua, na nilikosea. Nilidhani ni transista. Zilikuwa zimekufa kweli, baadhi, lakini moto haukuanzia huko. Ulianzia kwenye skrubu. Ile skrubu inayobana waya wa betri ilikuwa imelegea, na barabara zetu zinavyotikisa magari hakuna skrubu isiyolegea. Skrubu ikilegea, mguso unakuwa mbaya. Mguso mbaya una ukinzani. Tuseme mdogo sana, omu 0.05, hata mita ya bei rahisi haiwezi kuusoma vizuri. Sasa pitisha ampea 50 hapo. Joto ni ampea mara ampea mara omu: 50 mara 50 mara 0.05. Jibu ni wati 125. Pasi ya solda iliyokuwa mezani kwake ni ya wati 60. Yaani nilikuwa nimeweka pasi mbili za solda juu ya bodi ya mjomba, nikaziacha zikipiga kutoka Donholm hadi mjini kila siku.

Bodi hizi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ya epoksi. Zikiwa nzima hazipitishi umeme. Zikiungua, ile gundi inageuka kaboni, na kaboni inapitisha. Hapo ndipo hadithi ya moshi usiozimika inapata jibu lake. Ampu ya gari ina waya tatu muhimu: mnene wa betri, wa ardhi unaofungwa kwenye bodi ya gari, na mwembamba unaotoka kwa redio kuiambia ampu amka. Ukizima redio, unazima ule mwembamba tu. Ule mnene una umeme saa zote, gari likiwa limezimwa, ukiwa umelala. Kaboni ilipotengeneza daraja kutoka kwa waya mnene hadi kwa ardhi, umeme haukuhitaji ruhusa ya redio tena. Ulipita wenyewe, ukachoma zaidi, ukatengeneza kaboni zaidi. Kitu pekee ambacho kingeukata ni fyuzi. Nilikuwa nimeiondoa.

Fundi alikubali kazi kwa masharti. Elfu tatu zake, spea nitanunua mimi, na nitakuja kusaidia kwa sababu kukwangua kunachukua muda na yeye ana foleni ya kazi. Nilidhani anatania. Jumamosi mbili mfululizo nilikuwa kwa kile kibanda, barakoa usoni, nikikwangua.

Hii sehemu ya kukwangua ndiyo watu huruka, na ndiyo maana ampu hurudi kwa fundi baada ya wiki mbili. Mtu anaona shimo, anaunganisha waya juu yake, anapaka gundi, anakupa. Ndani kaboni bado iko. Itapitisha umeme kidogo leo, itapata joto, itakua, na siku moja utarudi Jogoo Road umeshika ufunguo. Kwa hivyo unaondoa kila kitu cheusi. Si kusafisha, kuondoa. Tulianza na kisu kidogo, tukaenda kwa tupa nyembamba, tukamaliza na kile kimashini cha kusaga kinachozunguka kama cha daktari wa meno. Unaacha tu ukifika kwenye nyuzi zenye rangi ya kijani iliyopauka. Vumbi lake ni la kioo na masizi, si la kuvuta, na baada ya kila raundi unapangusa na spiriti na brashi ya meno kuukuu.

Halafu unapima. Mita kwenye omu, ncha moja upande wa betri, nyingine upande wa ardhi, pale kando ya shimo ambapo shaba mbili hazifai kusalimiana. Mara ya kwanza nilipopima, nikiwa nimeridhika na kazi yangu, mita ilisoma omu elfu kadhaa. Fundi akasema, "Bado iko." Nikakwangua. Ikapanda. Nikakwangua tena. Shimo la shilingi kumi likawa la shilingi ishirini kabla mita haijakubali kwamba hapo hakuna kitu kabisa.

Nikiwa nimeigeuza bodi, niliona kitu kingine, upande wa mbali kabisa, kule kwa spika. Waya mdogo wa kijani umerukishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, na resista mbili za rangi tofauti na wenzake. Solda yake ilikuwa na umbo la matone, si laini kama ya kiwandani.

"Hii iliwahi kuungua," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Zamani sana. Aliyeirekebisha alikuwa anajua."

Nikamwambia haiwezekani, mjomba alisema haijawahi. Akainua mabega.

Shimo tulilijaza kwa Araldite ile ya kukauka polepole, tukaiacha usiku mzima, tukaisugua na msasa hadi ikalingana na bodi. Njia za shaba zilizopotea tulizitengeneza upya kwa waya wa nyumba, ule mgumu wa milimita 2.5, tumeuvua ngozi, tumeulaza mistari miwili kufuata njia ya zamani, na kuufunika na solda mwanzo hadi mwisho. Hapa pasi ya wati 60 ilishindwa kabisa. Shaba nyingi hivyo inanyonya joto, na solda inakaa kama uji uliopoa. Aliazima ya wati 100 kwa jirani. Solda ya zamani yenye risasi inayeyuka takriban nyuzi 183, zile mpya zisizo na risasi zinataka zaidi ya 210, na alikataa nisichanganye. Baada ya hapo, kunawa mikono kabla ya kugusa chipsi. Alilisema hilo kama mama.

Ukiniuliza kwa nini ampu ya miaka thelathini na zaidi inaweza kufanyiwa haya yote na ile ya taa za buluu haiwezi, jibu ni ukubwa. Ndani ya hii kila kitu kinaonekana kwa macho. Miguu ya kila resista inapita kwa tundu hadi upande wa pili. Chipu inayoendesha sehemu ya kupandisha volti ni TL494, ambayo imetumika duniani kwa miaka mingi na bado inauzwa kwa bei ya soda. Kazi yake ni kuziambia transista za nguvu washa, zima, washa, zima, maelfu ya mara kwa sekunde, ili volti 12 za betri zipite kwa ile pete kubwa iliyozungushiwa shaba na kutoka upande wa pili zikiwa zaidi. Bila hiyo, volti 12 pekee haziwezi kuisukuma spika ya omu 4 mbali. Kwenye mpya nyingi vitu ni vidogo kama punje za mchele, vimebandikwa juu, na maandishi yamefutwa makusudi. Sisemi ni mbaya. Zina joto kidogo na zinabana matumizi ya betri. Lakini zikiungua, ndiyo kwaheri.

Transista za nguvu zilikuwa nane. Nne zilikuwa zimepasuka. Fundi akasema tunabadilisha zote nane, na zote kutoka kundi moja, kwa sababu zinagawana mzigo na moja ikiwa tofauti itabeba ya wenzake. Akaniandikia IRFZ44N kwenye kikaratasi.

Nilienda maduka matatu. Bei zilikuwa kati ya shilingi 40 na 120 kwa kitu kilekile, na sasa najua kwa nini. Soko limejaa za bandia. Wengine huchukua transista dhaifu, hufuta maandishi na kuandika namba ya ile ghali. Fundi alikuwa amenipa pamba yenye spiriti ndani ya karatasi ya nailoni. Nisugue maandishi. Yaliyochongwa na leza hubaki, yaliyopakwa rangi juu mara nyingi hutoka. Duka la kwanza yalitoka. Muuzaji alinitazama, nikamtazama, nikaondoka. Nilinunua za 80. Kapasita kubwa nne nilizichukua za nyuzi 105, si 85, kwa sababu ndani ya buti kuna joto, na kila nyuzi kumi unazoipunguzia kapasita zinaongeza umri wake karibu mara mbili. Zile za zamani zilikuwa zimevimba kichwani na zimevuja maji ya kahawia yanayokula shaba.

Kabla ya kufunga, alinipa kazi ya mwisho: pima resista zote ndogo za kuelekea kwa transista, nane, kila moja isome omu 100. Nilipima. Ilikuwa karibu saa moja jioni na nilikuwa na njaa.

Siku ya kuiwasha hakuileta kwa betri moja kwa moja. Alichukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, akaifunga katikati ya betri na ampu, ili umeme wote upite kwanza kwa balbu. Hii mbinu ni ya bei ya chai na kila anayegusa ampu nyumbani anafaa kuijua. Kama kuna kosa ndani, balbu itawaka kabisa na itakula umeme yenyewe, haitaruhusu zaidi ya ampea tano hivi kupita. Hakuna kitakachopasuka. Kama ampu ni nzima, balbu itamulika mara moja kapasita zikijaa, kisha ififie.

Spika zikiwa zimetolewa, akagusisha betri. Balbu kimya. Vizuri, kaboni imeisha. Akagusisha waya mwembamba wa kuamsha.

Balbu ikawaka. Nyeupe, kama gari linakuja.

Alitoa waya mara moja. Nilihisi tumbo likishuka. Wiki tatu, pesa, Desemba iko hapo. Alichukua mita, akaanza upya kwenye zile resista ndogo, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti. Moja hadi sita, 100. Ya saba, 100. Ya nane, hakuna kitu. Imekatika ndani, chini ya rangi, kwa nje ni nzima kabisa. Transista ya aina hii ikikosa amri kwenye mguu wake haijui kuzima. Inabaki ikielea, na inaweza kujifungua yenyewe. Hiyo ndiyo iliyowasha balbu.

"Hii ulipima?" akauliza.

Sikuwa nimeipima. Nilipima saba nikasema nane. Nilimwambia hivyo, kwa sababu sikuona faida ya kusema kingine. Alitoa resista kwa kopo, ya shilingi tano, akaniachia pasi nipige solda mwenyewe. Transista zote nane zilikuwa salama, balbu ilikuwa imezikinga.

Mara ya pili balbu ilimulika, ikafifia, ikabaki na wekundu mdogo tu ndani kama sigara ya mbali. Kwa ampu za aina hii huo wekundu ni kawaida, zinakunywa kidogo hata zikiwa zimekaa tu. Tukapima volti kwenye matundu ya spika, karibu sufuri. Tukafunga spika kuukuu ya redio, akaunganisha simu yake. Kile kibanda kikajaa gitaa. Jirani wa pasi ya wati 100 akaja kusimama mlangoni.

Kuifunga kwa gari ilikuwa kazi ya nusu siku, na hapo pia nilikuwa na dhambi zangu. Waya wangu wa zamani ulikuwa mnene kwa nje, ngozi nyingi, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukiukwaruza na kisu unaona fedha. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba tupu ya unene huohuo, na unauzwa kama shaba. Nikanunua wa shaba. Fyuzi nikaiweka mbele, ndani ya boneti, chini ya nusu mita kutoka kwa betri, kwa sababu fyuzi hiyo hailindi ampu. Inalinda waya unaopita chini ya zulia mlikokalia wewe na beshte zako. Spika moja ya besi nikaiondoa. Omu 4. Inapiga polepole kuliko awali. Inapiga vizuri zaidi, ukweli usemwe. Na kila mwezi nakaza zile skrubu.

Mjomba alikuja wiki ya pili ya Desemba. Sikuwa nimemwambia kitu. Nilimpata pale stendi, nikambeba begi, na kabla hajauliza hali ya mama akauliza, "Iko wapi?"

Alikaa kiti cha mbele, akafunga mlango, akasikiliza wimbo mzima macho yameangalia mbele. Kisha akashuka, akaenda nyuma, akafungua buti mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye skrubu za terminali. Zilikuwa mpya, zinang'aa, na kila kitu kingine kimezeeka.

"Uliichoma."

"Niliichoma, mjomba. Pole sana. Niliweka waya kwa fyuzi."

Alinyamaza muda. Nilitoa simu nikamwonyesha picha, kama mtu anayeonyesha risiti: shimo, Araldite, nyaya za shaba, transista nane zimepangwa mstari. Alizitazama moja moja akizikuza kwa vidole viwili. Alipofika kwenye ile ya upande wa spika, yenye waya mdogo wa kijani, alisimama.

"Hii picha ya nini?"

"Hata sijui. Fundi alisema iliwahi kuungua zamani. Nikamwambia wewe ulisema haijawahi."

Mjomba alitazama barabara. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, hadi akashika buti.

"Tisini na sita," akasema. "Pale Muthurwa. Abiria wakarukia madirishani. Nilipeleka kwa jamaa mmoja Grogan, nikamlipa asimwambie tajiri wa gari." Akafuta macho. "Niliweka karatasi ya sigara kwa fyuzi."

Akarudi kiti cha mbele, akaniambia niwashe tena, na nisizidishe sauti.